Kasoro Moja ya Zahanati ya Mwongozi

Nchi ya Shwarini ipo, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake bado inapitiwa na kamati. Ukifika mahali ambapo watu hujibu "nzuri" kabla hujamaliza kuwauliza habari, tua mzigo wako, umefika. Mimi ni msimulizi tu, sina neno na mtu. Nasimulia yaliyomkuta Sikudhani wa kijiji cha Mwongozi, aliyesomea uandishi wa kubuni katika chuo cha jamii na akapata kazi siku ile ile aliyomaliza. Nasikia katika nchi nyingine jambo hilo halijawahi kutokea.

Sikudhani alikuwa mtoto wa mkunga. Mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa amewapokea kwa mikono yake karibu nusu ya watu wa Mwongozi. Alikuwa na ndoo ya bati, karai, mkoba wa nyembe mpya na nyuzi, na sauti ya kuamrisha ambayo hata mwenyekiti wa kijiji akiisikia hunyooka mgongo, kwa kuwa naye alizaliwa kwa amri hiyo hiyo. Kijiji hakikuwa na zahanati. Ya karibu ilikuwa Bondeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Kila uchaguzi Mwongozi iliahidiwa zahanati, na kila uchaguzi watu walipiga makofi kwa bidii, maana wagombea walikuwa wanasema vizuri.

Sikudhani alipotangaza kwamba amechaguliwa kusomea Stashahada ya Uandishi wa Kubuni, baba yake mdogo aliweka chini bakuli la uji.

"Kubuni ndiyo nini?"

"Kutunga mambo, baba mdogo. Hadithi, riwaya."

"Yaani unakwenda kusomea uongo miaka miwili? Mbona hapa kijijini tunao wanaoujua bila cheti? Na ukimaliza utaajiriwa na nani? Na upepo?"

Bi Mwanahija alimfungia binti yake nguo. Aliyefurahi waziwazi ni mmoja tu, mdogo wake Sikudhani, Havijawa, msichana wa kucheka cheka ambaye tangu utotoni alikuwa msikilizaji wa hadithi za dada yake na mlalamikaji mkuu kuhusu miisho yake.

"Dada, utaniandika?"

"Nitakuandika."

"Lakini usiniue. Wasichana wote kwenye hadithi zako wanakufa mwishoni. Mimi niache."

"Nitakuacha," Sikudhani akasema, na wakacheka wote wawili.

*

Chuo cha Jamii cha Wilaya kilikuwa na madarasa matatu na kozi kumi na tisa. Darasa la Uandishi wa Kubuni lilikuwa lile lile la Ushonaji: asubuhi wanashona, mchana wanabuni. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kibali cha kuhamisha vyerehani, wanafunzi wa uandishi walikaa nyuma ya vyerehani, daftari juu ya meza ya mashine, miguu juu ya pedali. Mtu akipata wazo zuri, miguu ilianza kukanyaga yenyewe. Mwalimu hakuhitaji kupita nyuma ya mgongo wa mtu ili kujua nani anaandika na nani anasinzia, na wiki ya mitihani majirani walidhani chuo kimepewa zabuni ya sare za shule.

Mwalimu huyo ni Mkufunzi Pazi, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya shati hadi cha shingoni. Alikuwa ameandika riwaya moja. Alitembea nayo kwenye mkoba, kwa sababu mchapishaji alimwambia airudishe soko likitulia, na soko lilikuwa halijatulia kwa mwaka wa kumi na saba. Lakini kufundisha alijua. Siku moja alichukua hadithi ya Sikudhani kuhusu nyumba, akaisoma mbele ya darasa, kisha akavua miwani.

"Mnaona kosa lake? Nyumba hii haina hata ufa. Nani kati yenu ameishi kwenye nyumba isiyo na ufa? Msomaji akiona kila kitu kimekaa sawa, anajua anadanganywa. Mwekee kasoro moja. Moja tu, ndogo, ya kugusika. Mlango unaokwaruza sakafu. Bomba linalodondosha. Akiuamini mlango, ataiamini nyumba, na waliomo ndani."

Sikudhani aliandika maneno hayo, na pedali yake ikazunguka mpaka mkanda ukachomoka.

Mwisho wa mwaka wa pili ilifika Siku ya Ajira. Waajiri walipanga meza zao uwanjani, na wanafunzi wa ushonaji, uashi na ufugaji wa kuku wakachukuliwa mapema. Wale saba wa uandishi walizunguka na vyeti vyao. Watu wa zimamoto waliwauliza kama kuna anayeweza kuandika HATARI kwa rangi nyekundu. Mwenye hoteli alihitaji mtu wa kuandika menyu, ila awe pia anajua kupika. Mwenye duka la majeneza aliwatazama kwa huruma akasema atawapigia.

Ndipo likaingia gari jeupe, na kutoka ndani yake akashuka Bwana Kingazi, Mkurugenzi katika Wizara ya Mambo Yaliyokamilika. Alikwea jukwaani kabla ya kukaribishwa.

"Ndugu wabunifu! Serikali yenu sikivu, yenye masikio pande zote, imetafakari, imetafakarisha, na imetafakariwa! Nchi nyingine zinalia vijana wao wa uandishi hawana ajira. Sisi hatulii! Sisi tumebaini kwamba kila mradi una sehemu mbili: mradi wenyewe, na taarifa ya mradi. Nawauliza, katika hizo mbili, ni ipi inayofika mezani kwa Mheshimiwa? Mmewahi kuona daraja limewekwa mezani?"

Maafisa aliokuja nao walicheka, basi na uwanja ukacheka.

"Kwa miaka mingi," akaendelea, "taarifa zetu zimeandikwa na wahandisi. Wahandisi ni watu wazuri, lakini hawana hisia. Leo natangaza neema. Nawachukua wote saba!"

Watu walishangilia. Mkufunzi Pazi naye alipiga makofi, kisha akarudi darasani peke yake, akakaa nyuma ya cherehani, na kwa muda kidogo ikasikika pedali ikizunguka polepole bila kitambaa.

*

Inabidi nieleze kidogo utaratibu, kwani wageni huukosea.

Zamani, inasemekana, wakaguzi wa Shwarini walikwenda wenyewe kutazama majengo. Ikaonekana jambo hilo linaleta migogoro, maana wakaguzi wawili wakitazama shimo moja hurudi na mashimo mawili tofauti. Ikapitishwa kanuni kwamba kinachokaguliwa ni taarifa. Jengo lisilo na taarifa halipo. Jengo lenye taarifa lipo, na lenye taarifa nzuri lipo zaidi.

Mkaguzi Mkuu alikuwa Bi Mashavu, mama wa heshima zake, mwenye leso nyeupe na meza kubwa kuliko chumba. Msidhani alikuwa mla rushwa. Katika miaka thelathini hakupokea hata soda ya mtu. Alisoma taarifa kwa sauti, macho ameyafumba nusu, na kama ni ya tangi basi alitaka ayasikie maji. Wahandisi walikuwa wakimwandikia "Tangi limekamilika kwa asilimia mia moja," naye alirudisha faili na neno moja pembeni: "Sisikii." Lakini akisikia maji, akisikia harufu ya rangi mbichi, alijifuta macho na kugonga muhuri: IMEKAMILIKA. Kisha watu wote ofisini walipewa chai.

Sikudhani alikuwa bora kuliko wenzake wote sita. Aliandika visima, akaandika madaraja, akaandika maktaba ambayo kila saa nne asubuhi huingia mbuzi mmoja na kufukuzwa na mkutubi kwa gazeti la jana. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa "Kasoro, kama ipo," ambacho wahandisi walizoea kukiacha wazi. Yeye hakukiacha wazi hata mara moja. Mbuzi yule aliandikwa humo, na Bi Mashavu alicheka hadi akakohoa.

Mwaka wa kwanza alijisikia fahari. Mwaka wa pili aligundua kwamba hajisikii kitu. Hakuwa na huzuni wala aibu. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, anaugusa na hajui kama ni wake. Hilo lilimshangaza kwa siku chache, kisha likaacha kumshangaza. Riwaya yake aliyoianza chuoni ilikuwa kwenye droo, chini ya leso za karatasi.

*

Mwaka wa tatu likaletwa faili la Zahanati ya Mwongozi.

Sikudhani alilitazama jina la kijiji chake kwenye jalada kama mtu anayesoma bango lenye jina la jirani. Alikwenda ofisini kwa Bwana Kingazi, jambo ambalo hakuzoea kulifanya.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi. Hii zahanati itajengwa?"

"Marahaba, binti. Itajengwa vipi? Imekwisha kamilika. Imebaki kuandikwa."

"Mimi ni mtu wa huko. Nauliza kama na jengo litakuja."

Bwana Kingazi aliegemea kiti, uso ukalainika. "Sikiliza. Taarifa hutangulia, jengo hufuata. Ndiyo sera. Kijiji chenye taarifa nzuri kinawekwa mstari wa mbele. Andika vizuri kuliko zote. Unaelewa?"

Sikudhani akaelewa, au akapenda kuelewa. Havijawa alikuwa ameolewa mwaka uliopita na kijana wa kwenye mashamba ya chumvi, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kilisogea kifuani mwa Sikudhani. Alifunga mlango akaandika siku tatu. Aliandika kuta za rangi ya maziwa. Aliandika kitanda cha chuma chenye magurudumu, na muuguzi anayeitwa Melania ambaye huimba kwa pua akipanga dawa. Aliandika benchi la nje ambapo waume hukaa wakijifanya hawana wasiwasi. Chini ya meza miguu yake ilikuwa ikikanyaga sakafu.

Kwenye kisanduku cha kasoro aliandika hivi: "Dirisha la chumba cha kujifungulia halifungi vizuri. Akina mama wameomba lisitengenezwe, kwa sababu linaingiza upepo."

Bi Mashavu alisoma mpaka kwenye dirisha, akaweka faili chini. Alisema amesikia upepo ule shingoni mwake. Aligonga muhuri mara mbili, kitu ambacho hakijawahi kufanyika, na taarifa ikachapishwa nakala elfu mbili ili isomwe kwenye semina za wauguzi nchi nzima.

*

Miezi mitatu baadaye mama yake alipiga simu.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Tumeletewa dirisha."

Ilikuwa hivi. Wizarani palikuwa na Idara ya Marekebisho, yenye gari moja na fundi mmoja, Fundi Ngwashi, mtu mwaminifu ambaye kazi yake ilikuwa kurekebisha kasoro zilizoandikwa kwenye visanduku. Kwa miaka mingi gari lilikuwa bovu. Sasa lilipona, naye akatumwa Mwongozi na dirisha jipya lenye fremu, kioo na bawaba zake, pamoja na fomu ya kusainiwa. Alipouliza jengo, alionyeshwa kiwanja walipolishia mbuzi. Alizunguka kiwanja mara mbili. Alisoma fomu mara mbili. Fomu ilisema aweke dirisha, haikusema habari ya ukuta. Basi akachimba mashimo mawili, akasimamisha nguzo, akafunga dirisha katikati yake, akajaribu kulifungua na kulifunga, mwenyekiti akasaini.

"Linafunga vizuri sana," mama akasema. "Watoto wanapanga foleni kuchungulia."

"Wanaona nini?"

"Upande wa pili. Mbuzi wale wale." Akashusha sauti. "Mwanangu, Mtendaji wa Kata amechukua ndoo yangu."

"Ndoo gani?"

"Ndoo, karai, mkoba, vyote. Amesema kijiji chenye zahanati, kuzalisha nyumbani ni kosa la jinai. Nikamwambia, baba, nionyeshe hiyo zahanati. Akasema, 'Bi Mwanahija, usinifanye mjinga, mimi nimeisoma. Ina upepo mzuri.' Na huyu mdogo wako amebakiza miezi miwili tu. Sasa wewe uliyeko huko serikalini, hebu waulize."

Sikudhani akaenda kuuliza. Bwana Kingazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha kabati lenye fomu zote za wizara. Palikuwa na fomu ya kukamilisha, ya kukamilisha upya na ya kuadhimisha ukamilifu. Ya kuondoa ukamilifu haikuwepo.

"Basi tujenge, Mheshimiwa. Ulisema jengo hufuata."

"Hufuata pale ambapo halijafika. Pale limefika! Unataka tujenge zahanati mbili kijiji kimoja, wakati kuna vijiji havina hata taarifa? Huo si ubadhirifu, binti?"

"Basi mama yangu arudishiwe ndoo."

"Ukunga wa ndoo karibu na kituo cha kisasa kama kile?" Bwana Kingazi aliumia kweli, ilionekana machoni. "Wewe si ndiye uliyeandika kile kitanda?"

*

Havijawa alishikwa na uchungu siku ya Jumatano asubuhi. Mume wake alikuwa kwenye chumvi. Bi Mwanahija, ambaye mikono yake ilikuwa chini ya onyo la serikali, alimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, Mzee Kipande, aende Bondeni akazalishwe kihalali. Yeye akabaki ili asije akaambiwa amekwenda kuzalisha.

Muuguzi wa Bondeni hakuwa mtu mbaya. Alimpokea Havijawa mlangoni, akamuuliza kijiji, na alipolisikia jina akapiga makofi kwa furaha.

"Mwongozi! Na mmekuja huku kutafuta nini, jamani? Mimi kitanda changu ni kimoja, amelala mgonjwa wa mguu. Glavu zimekwisha tangu mwezi uliopita. Kwenu kuna kitanda cha magurudumu! Walitusomea kwenye semina, nililia. Nimeomba uhamisho niende huko." Mzee Kipande alijaribu kueleza, lakini yeye ni mtu wa ng'ombe, na muuguzi alikuwa na kitabu cha semina. Akaandika barua ya rufaa, kwa mwandiko mzuri, kwenda Zahanati ya Mwongozi, akampa mzee aishike.

Mzee Kipande akageuza ng'ombe. Alikuwa mtu wa kutii karatasi. Alipofika kijijini hakumpeleka mgonjwa nyumbani kwa mama yake, kwa sababu karatasi haikusema nyumbani. Alimpeleka zahanati. Alisimamisha mkokoteni kiwanjani, mbele ya dirisha, akasubiri wauguzi watoke.

Bi Mwanahija aliitwa, akaja mbio, mikono mitupu. Hakuwa na wembe, hakuwa na uzi, maji yalikuwa hayajachemka. Alifanya alivyoweza. Mtoto alikuwa wa kike na alilia mara moja tu. Saa tisa alasiri mama na mtoto, wote wawili, walikuwa wamekwisha kufa.

Sikudhani alipewa ruhusa ya siku tatu kwenda kuzika. Alizika. Watu walimpa pole, naye alisema ahsante kwa kila mmoja, hakumruka hata mtu. Mama yake alimsimulia yote hayo akiwa amekaa mkekani, kwa sauti ndogo, na kila mara alikuwa akiitazama mikono yake. Sikudhani alisubiri alie. Hakulia. Alitoka akaenda kulitazama lile dirisha, akalifungua, akalifunga. Kweli, lilikuwa linafunga vizuri.

*

Aliporudi kazini faili lilikuwa juu ya meza yake. Bwana Kingazi alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kwa heshima ya msiba.

"Pole sana, binti. Wizara nzima imeguswa. Sasa, kuna jambo limetokea huko Mwongozi, Mtendaji ameleta karatasi eti kuna vifo viwili mahali pale. Haiwezekani. Taarifa ile haina mahali pa kuweka kifo, ni suala la mtindo. Na taarifa ya robo mwaka inatakiwa Ijumaa. Tungempa mwingine, lakini hakuna anayeijua sauti yake kama wewe."

"Nitaandika," Sikudhani akasema.

Akaandika. Aliandika kwamba siku ya Jumatano, Havijawa wa Mwongozi, umri miaka ishirini na mmoja, alijifungua salama mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo tatu na gramu mia mbili. Melania alikuwa akiimba. Mtoto ameitwa Tunu. Mama alipopewa mtoto alicheka, akauliza kama kawaida wanakuwa na nywele nyingi namna ile.

Kisha akafika kwenye kisanduku cha kasoro. Alikaa hapo muda mrefu. Aliandika: "Zahanati hii haipo. Haijawahi kuwepo. Mama na mtoto walifariki saa tisa alasiri, kiwanjani, mbele ya dirisha. Taarifa niliiandika mimi." Akasaini jina lake lote.

Wiki nzima alikwenda kazini na mswaki kwenye mkoba, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba mahabusu hawagawiwi miswaki. Hakuogopa. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Siku ya saba faili likarudi. Pembeni, kwa mwandiko wa Bi Mashavu ulioloa machozi, palikuwa pameandikwa: "Katika miaka yangu thelathini sijakutana na kasoro iliyobuniwa kwa ustadi kama hii. Nimeamini kila neno la taarifa. Ipite." Na muhuri: IMEKAMILIKA.

Sikudhani alitoa mswaki kwenye mkoba, akauweka kwenye droo, juu ya riwaya.

Alipandishwa cheo. Kila Alhamisi sasa gari jeupe humpeleka Chuo cha Jamii, kusaidiana na Mkufunzi Pazi somo la kasoro. Wanafunzi wameongezeka, wamefika arobaini, na wengine hukaa wawili wawili kwenye cherehani kimoja. Mwaka huu msichana wa mbele alinyoosha mkono akauliza kama kweli kuna ajira ukimaliza. Mkufunzi Pazi akajishughulisha na vifungo vyake.

"Ipo," Sikudhani akasema.

Idara ya Marekebisho nayo haikulala. Kasoro ilikuwa imeandikwa kwamba zahanati haipo, na kasoro lazima irekebishwe ndani ya siku thelathini. Fundi Ngwashi akaenda Mwongozi na kibao kikubwa cha bati, ZAHANATI YA MWONGOZI, akakisimika pembeni ya dirisha, mwenyekiti akasaini.

Tangu hapo faili la Mwongozi Sikudhani hampi mtu mwingine. Huliomba mwenyewe kila robo ya mwaka, na siku ya kuliandika hufunga mlango. Robo ya pili, Tunu alikuwa na kilo sita na amepata chanjo zote za umri wake. Robo ya tatu alikuwa anakaa bila kushikiliwa. Kisanduku cha kasoro siku hizi hukiacha wazi.

Juzi mama yake alipiga simu, akamkuta kalamu mkononi.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri. Unaandika nini?"

Sikudhani akaweka kalamu chini. Kisha akaichukua karatasi, akamsomea. Alimsomea kwamba Havijawa ameleta mtoto kliniki akiwa na kanga mpya, amenenepa kidogo, kucheka kwake hakujapungua. Kwamba Tunu ana kilo nane na nusu. Kwamba ameanza kusimama, anajivuta kwa kushika dirisha.

Upande wa pili mama alisikika akiketi mkekani.

"Na meno?" mama akauliza.

"Mawili, mama. Ya chini."

"Ndiyo huanza hayo," akasema Bi Mwanahija, ambaye alikuwa mkunga na mambo hayo aliyajua.